Kanuni za bao la Kiswahili

Kanuni za bao la Kiswahili ni taratibu zinazoongoza mchezo wa bao unaochezwa katika pwani ya Afrika Mashariki, visiwa vya Zanzibar na sehemu nyingine za bara. Kwa muda mrefu kanuni hizi zilifundishwa kwa mdomo na kwa kutazama, barazani na vijiweni, bila kitabu. Makala hii inaeleza kanuni za msingi, namna mchezo unavyofanana na kutofautiana na jamaa zake, na swali la iwapo wachezaji, vyama na watengenezaji wa mbao na programu za simu wafuate kanuni moja iliyoandikwa. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Tanga na pwani ya kaskazini ya Tanzania.

Jina na jamaa za mchezo

Neno "bao" lina maana ya ubao mkubwa, na pia hutumika kwa alama inayopatikana mchezoni, kama bao la mpira wa miguu. Kama jina la mchezo, linahusu ubao wenye mashimo unaochezewa kete. Mchezo huu ni wa kundi kubwa la michezo ya mashimo na mbegu inayopatikana karibu Afrika nzima, Asia ya Magharibi na Asia ya Kusini.

Katika Afrika Mashariki michezo mingi ya kundi hili huchezwa kwa ubao wa safu nne. Nchini Malawi kuna bawo, ambao ni jamaa wa karibu sana wa bao la Kiswahili. Nchini Uganda kuna omweso, wenye mashimo 32 na kete 64 kama bao, lakini upangaji wa kete na masharti ya kula ni tofauti kabisa. Wasukuma wana isolo. Huko Omani huchezwa hawalis, ambao ubao wake wa kawaida una safu nne za mashimo saba. Kwa hiyo mtu anayejua mmoja kati ya michezo hiyo hawezi kukaa mbele ya mchezaji wa mwingine na kuanza kucheza bila maelezo, hata kama ubao ni uleule.

Ubao na kete

Ubao wa bao una safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake: safu ya mbele, inayotazamana na ya mpinzani, na safu ya nyuma iliyo karibu na kifua chake. Kete ni 64, na kila mchezaji huanza na 32. Kete za desturi ni komwe, yaani mbegu ngumu za rangi ya kijivu za mmea wa mkomwe unaoota karibu na fukwe. Pasipo na komwe, watu hutumia mawe madogo au mbegu nyingine. Pasipo na ubao, mashimo huchimbwa mchangani.

Baadhi ya mashimo yana majina na kazi maalumu:

- Nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele ya kila mchezaji. Kwenye mbao nyingi huchongwa kwa umbo la mraba ili litambulike.
- Kichwa ni shimo la mwisho la safu ya mbele, upande wa kushoto na wa kulia.
- Kimbi ni jina la mashimo mawili ya mwisho ya kila upande wa safu ya mbele, yaani kichwa pamoja na jirani yake.

Kanuni za msingi

Lengo la mchezo ni kumaliza kete zote za safu ya mbele ya mpinzani, au kumfikisha mahali ambapo hana hatua yoyote halali ya kucheza.

Mwanzoni kila mchezaji huweka kete sita katika nyumba, na kete mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Hizo ni kete kumi. Kete 22 zinazobaki hukaa nje ya ubao, katika ghala lake. Hapo ndipo mchezo unagawanyika katika sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza huitwa namua. Kila zamu mchezaji huchukua kete moja ghalani na kuiweka katika shimo lake la mbele lenye kete. Ikiwa shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete, anakula: anazichukua kete hizo za mpinzani na kuzisambaza upande wake, moja moja, akianzia kwenye kichwa. Akila kwenye kimbi cha kushoto, lazima aanzie kichwa cha kushoto. Akila kwenye kimbi cha kulia, aanzie cha kulia. Akila katikati, mara ya kwanza huchagua upande, na baadaye hufuata mwelekeo aliokwisha kuanza. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete linalotazamana na shimo la mpinzani lenye kete, anakula tena. Ikiangukia shimo lenye kete lisilo na cha kula, anazichukua zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu imelala.

Kula ni lazima. Mchezaji mwenye nafasi ya kula haruhusiwi kuiacha. Asiye na nafasi hutakasa, yaani huweka kete yake katika shimo la mbele na kusambaza upande wake mwenyewe bila kula. Zamu iliyoanza kwa kutakasa haigeuki kuwa ya kula hata kete ya mwisho ikianguka mahali pazuri.

Sehemu ya pili huanza ghala zote mbili zinapokwisha, na huitwa mtaji. Sasa mchezaji huchukua kete zote kutoka shimo lake lolote lenye kete mbili au zaidi na kuzisambaza. Shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzia kula, kwa sababu msambao wake huzunguka upande wote wa mchezaji na kurudi ulikoanza. Mchezo ukimalizika kwa ushindi katika sehemu ya namua, wakati kete bado zimo ghalani, ushindi huo huitwa mkononi, na mafundi huuheshimu kuliko wa kawaida.

Kanuni zenye masharti

Kanuni zilizotajwa hapo juu hueleweka kwa mchana mmoja. Ugumu wa bao uko kwenye masharti yanayofuata, na hapo ndipo watu wawili waliofundishwa na walimu tofauti huweza kugombana.

La kwanza ni nyumba. Nyumba yenye kete sita au zaidi, ambayo haijawahi kuliwa wala kumwagwa, ina haki zake katika sehemu ya namua. Mchezaji anayekula, kete yake ya mwisho ikiangukia nyumbani kwake, anaweza kuchagua kusimama hapo au kusafiri, yaani kuimwaga nyumba na kuendelea. Aliye katika kutakasa lazima asimame. Ikiwa nyumba ndiyo shimo pekee la mbele lenye kete, anayetakasa hutoa kete mbili tu na kuziacha nyingine. Nyumba ikishamwagwa, inakuwa shimo la kawaida hata ikijaa tena.

La pili ni takasia. Katika sehemu ya mtaji, mchezaji aliyetakasa akiacha hali ambapo mpinzani wake hawezi kula, na yeye mwenyewe anatishia shimo moja tu la mpinzani, mpinzani haruhusiwi kulihamisha shimo hilo katika zamu inayofuata. Sharti hili lina misamaha yake: halihusu nyumba, wala shimo lililo la pekee lenye kete katika safu ya mbele, wala lililo la pekee lenye zaidi ya kete moja katika safu hiyo. Mgeni wa bao anayekutana na takasia mara ya kwanza katikati ya mchezo aghalabu hudhani amedhulumiwa.

La tatu ni msambao usiokwisha. Kwa kuwa kete huendelea kuchukuliwa na kusambazwa kila zinapoangukia shimo lenye kete, zamu moja inaweza kuzunguka mara nyingi sana. Watafiti waliotunga programu za kompyuta za bao wameonyesha kwamba iko misambao isiyokoma kamwe. Mkono wa mtu huchoka, lakini kanuni inapaswa kusema nini kifanyike: je, zamu ifutwe, au aliyeianza ahesabiwe ameshindwa? Barazani jambo hili huamuliwa na wazee waliopo. Katika mashindano lazima liwe limeamuliwa kabla.

Pwani ya Tanga kama njia panda

Tanga ni mahali pazuri pa kuelewa kwa nini kanuni hutofautiana. Mji huo unatazamana na Pemba ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, na kwa karne nyingi majahazi yamesafirisha watu, karafuu, chumvi na samaki kati ya kisiwa hicho, Tanga na Pangani. Kaskazini, barabara ya Horohoro huingia Kenya kuelekea Lungalunga na Mombasa, na Wadigo na Wasegeju wanaishi pande zote mbili za mpaka. Zanzibar na Mombasa zote zina wachezaji wa bao wenye desturi za muda mrefu, na Tanga iko karibu na zote mbili.

Kilimo cha mkonge kiliongeza mchanganyiko. Mkonge uliletwa Tanga na Wajerumani mwaka 1893, na katika enzi za ukoloni mashamba ya Muheza, Korogwe na Pangani yaliajiri vibarua walioitwa manamba kutoka Songea, Kigoma, Unyamwezi, Usukuma, Ruanda-Urundi, Msumbiji na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Wengi wao walitoka katika jamii zenye michezo yao ya safu nne. Watu wa aina hiyo wanapokutana kambini baada ya kazi, hawana budi kukubaliana kwanza wacheze kwa kanuni za nani.

Kwa kawaida makubaliano hayo hufanywa kwa njia rahisi: mwenye ubao au mwenye baraza ndiye mwenye kanuni. Mgeni hutazama michezo kadhaa kabla ya kukaa. Utaratibu huu una faida kwamba hauhitaji maandishi wala hakimu. Udhaifu wake ni kwamba unamtegemea mzee anayejua, na kwamba mgeni hana pa kukata rufaa.

Mbali na bao la Kiswahili, liko pia bao la kujifunza, ambalo watoto huanza nalo. Katika hilo kete zote 64 hupangwa mbili mbili katika mashimo yote, hakuna ghala, na mchezo huanza moja kwa moja na hatua za aina ya mtaji. Hata ndani ya mji mmoja, kwa hiyo, kuna zaidi ya kanuni moja, na hakuna anayeona ni kasoro: moja ni ngazi ya kupandia nyingine.

Kanuni kuandikwa

Maelezo ya bao na jamaa zake yaliandikwa na wageni kabla ya kuandikwa na wenyeji. M. G. Sanderson alieleza michezo ya Nyasaland, ukiwemo bawo, mwaka 1913. W. H. Ingrams aliugusa mchezo huu katika kitabu chake juu ya Zanzibar cha mwaka 1931. Mwaka 1995 Mholanzi Alexander de Voogt alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Leiden utafiti kuhusu umahiri wa mafundi wa Zanzibar, ukiwemo uwezo wa kucheza bila kutazama ubao. Watafiti wa Maastricht nao walitunga programu za bao, na kompyuta iliwalazimisha kufanya jambo ambalo baraza halikulilazimisha: kuandika kila sharti na kila msamaha bila kuacha pengo. Kompyuta haiwezi kuambiwa "tutaona ikifika hapo".

Tatizo lililojitokeza ni kwamba atakayeandika kwanza ndiye atakayefuatwa. Kijana wa Makorora au Chumbageni anayejifunza bao kwenye simu hujifunza kanuni alizochagua mtunga programu, na akienda barazani hudhani wazee ndio wanaokosea.

Hoja za kuwa na kanuni moja

Hoja ya kwanza ni mashindano. Timu ya Tanga ikikutana na ya Unguja au ya Mombasa, takasia na nyumba haziwezi kuamuliwa kwa desturi ya mwenyeji, kwa kuwa mwenyeji ni mshindani pia.

Hoja ya pili ni kurithisha. Kanuni inayoishi vichwani mwa wachache hufa pamoja nao. Mwalimu wa shule anayetaka kuanzisha kikundi cha bao anahitaji karatasi mbili au tatu anazoweza kuwasomea wanafunzi.

Hoja ya tatu ni mifano ya michezo mingine. Sataranji ilichezwa kwa tofauti nyingi za kinchi. Waitalia, kwa mfano, waliendelea na namna yao ya kumhamisha mfalme pamoja na ngome hadi karne ya 19. Shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, liliundwa Paris mwaka 1924, na leo mchezaji wa nchi yoyote anaweza kukaa na wa nchi nyingine bila kuulizana chochote.

Hoja za kupinga

Hoja ya kwanza ya upande wa pili ni kwamba kuchagua kanuni moja ni kuchagua kanuni za watu fulani. Kwa bao, uwezekano mkubwa ni kwamba kanuni za miji mikubwa zingeshinda, na desturi za Pangani, Mkinga au Pemba zingeitwa makosa.

Hoja ya pili ni kwamba umoja si sharti la mchezo kustawi. Drafti, inayochezwa kwa vizibo vya soda katika vijiwe vya Tanzania nzima, haijawahi kuunganishwa duniani. Kuna ya mraba 100 na ya mraba 64, na kila moja ina wachezaji na mashindano yake. Vivyo hivyo, mwaka 2020 UNESCO iliorodhesha kwa pamoja michezo ya mashimo ya Kazakhstan, Kirgizia na Uturuki kama urithi wa utamaduni, lakini kila nchi ilibaki na jina lake na namna yake.

Hoja ya tatu inahusu umiliki. Michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1974 kwa mchezo wa Dungeons & Dragons, ilipata kanuni za pamoja mwaka 2000, kampuni ya Wizards of the Coast iliporuhusu wachapishaji wengine kutumia mfumo wake kwa leseni ya wazi. Wachapishaji wadogo wengi walijenga biashara zao juu yake. Mwanzoni mwa 2023 zilipofichuka habari kwamba kampuni inataka kubadilisha masharti ya leseni hiyo, wachapishaji na wachezaji walipinga kwa nguvu, na mwishowe kampuni iliacha mpango huo na kuweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons. Funzo lake kwa bao liko wazi: kanuni ya pamoja yenye mwenyewe inaweza kubadilishwa na mwenyewe. Bao halina mwenyewe. Sheria za hakimiliki kwa kawaida hulinda maandishi ya kanuni, hazilindi namna ya kucheza.

Mfano wa lugha

Mfano ulio karibu zaidi na Tanga ni wa lugha. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kusimamia maandishi. Kimvita cha Mombasa, chenye hazina kubwa ya mashairi, kiliachwa nje ya vitabu vya shule. Kimtang'ata, kinachosemwa kati ya Tanga na Pangani, hakikufikiriwa kabisa.

Faida ilionekana: kitabu kimoja kiliweza kusomwa kutoka Tanga hadi Kampala. Hasara pia ilionekana: mtoto wa Mtang'ata alisahihishwa darasani kwa maneno aliyofundishwa na bibi yake. Hata hivyo Kimtang'ata hakikufa, kwa sababu nyumbani hakuna mkaguzi. Kilichopungua ni maandishi yake. Lahaja isiyoandikwa haina ushahidi siku wasemaji wake wanapokwisha, na ndivyo ilivyo kwa kanuni za mchezo.

Njia ya kati

Kati ya kanuni moja ya lazima na hali ya kila baraza kujitegemea kuna njia ya kati, inayofuatwa katika michezo mingi ya karata na ya ubao. Sehemu zake ni tatu.

Kwanza, kanuni za mashindano huandikwa na kukubaliwa na vyama, zikitumika siku ya mashindano tu. Mambo ya lazima kuandikwa ni machache: haki za nyumba, takasia na misamaha yake, msambao usiokwisha, na iwapo kete iliyoguswa lazima ichezwe.

Pili, tofauti za mahali huandikwa pembeni ya kanuni hizo kwa majina ya mahali penyewe. Zikiwekwa hivyo, mchezaji wa Pangani huonekana anacheza kwa kanuni za Pangani, wala haonekani kuwa hajui bao.

Tatu, watengenezaji wa programu na wachapishaji wa vijitabu hutaja kanuni walizofuata na kumpa mchezaji nafasi ya kuchagua. Kwa programu hili ni jambo dogo la kiufundi, lakini humwondolea kijana dhana kwamba kuna bao moja tu.

Kazi ya kuandika inahitaji wanaojua, nao wengi ni wazee. Kanuni za mashindano zinaweza kutungwa wakati wowote vyama vikikubaliana. Kanuni za baraza ambazo hazikuandikwa haziwezi kurudishwa baada ya wachezaji wake kuondoka.

Tazama pia

- Komwe
- Drafti
- Sataranji
- Omweso
- Kimtang'ata
- Kiswahili sanifu
- Mkoa wa Tanga